Neno usalama na chupa ya uji

Kuna neno moja hapa kwetu ukilitamka barazani watu wanashusha sauti, na neno lenyewe ni zuri kabisa, ni usalama. Limezaliwa nyumba moja na salama na salamu, ndo hilo hilo tunalomuombea mtu anaepanda boti kwenda Pemba, nenda salama urudi salama. Lakini sema "yule bwana pale ni mtu wa usalama" uone, waliokua wanazungumza siasa wanahamia kwenye mpira, anaekunywa kahawa anaipiga funda moja anaaga, na mtu ambae hana hili wala lile anajikuta anakumbuka juzi nilisema nini mie na alikuwepo nani. Nina miaka karibu arobaini sasa na neno hili nimelisikia kwa maana zote mbili maisha yangu yote, ya kunilinda na ya kunitisha, na kwa muda mrefu nimetaka kuandika kwanini zimekua mbili wakati ingetakiwa iwe moja.

Nianze na jirani yetu wa Ng'ambo, mtaa wa hapa mjini Unguja. Ni mama wa makamo, anauza vitumbua asubuhi, na mwanawe wa tatu alichukuliwa mwanzoni mwa 2016, zile wiki ambazo uchaguzi wa Oktoba 2015 ulishafutwa na tunangojea wa marudio wa Machi 20. Aliekua Unguja siku zile anazikumbuka, magari hayana namba, watu wamefunika nyuso, mitaani wakiitwa mazombi, mtu anakuja kupigwa barazani kwake anacheza karata na mpaka leo hajui kapigwa na nani. Kijana huyu alitolewa ndani saa saba za usiku, hakusomewa kosa, hakuoneshwa karatasi yoyote, mama yake kashika mlango na kanga moja tu mwilini akaambiwa rudi ndani bi mkubwa, tunamuhoji kidogo, asubuhi atarudi.

Asubuhi hakurudi. Bi jirani akapika uji wa mchele na pilipili manga, kwasababu kijana ana vidonda vya tumbo na hawezi kula kitu kikavu, akautia kwenye chupa ya chai nyekundu yenye maua, kifuniko chake kimepasuka kimefungwa mpira wa kusokotea nywele, akatoka nayo kumtafuta. Siku ya pili mimi ndo nilimsindikiza. Kituo cha kwanza, hapa hayupo. Cha pili, hapa hayupo. Cha tatu kulikua na kijana mdogo kaunta, umri wa mwanawe hasa, akafunua daftari ukurasa mmoja akalifunga. Bi jirani akamwambia, "Baba, angalia tena mwanangu, ana kovu hapa," akajigusa kidevu chake mwenyewe. Yule kijana akamwangalia, nnahisi alimuonea huruma kwa kweli, akasema, "Mama, hapa hayupo, jaribuni kwengine." Kila jioni alirudi na uji umechachuka, anaumwaga uani, anaosha chupa, anaipindua juu ya ungo ikauke, alfajiri anapika mwengine. Siku tatu hivyo. Ya nne kijana akaja mwenyewe baada ya sala ya alfajiri, miguu mitupu, mdomo umevimba. Hakupelekwa mahakamani, hakuna kesi iliyofunguliwa wala iliyofutwa, na mwenyewe hajawahi kutueleza alikua wapi na sisi hatujamlazimisha.

Nimeishi na kisa hiki miaka kumi nikijiuliza nini hasa kiliniuma, maana kukamatwa mtu ni jambo la kila nchi. Kilichoniuma ni ile kaunta. Kwamba mama anasimama mbele ya dola ya nchi yake na chupa ya uji, anauliza swali dogo kuliko yote duniani, mwanangu yuko wapi, na hakuna mtu hata mmoja ambae ni wajibu wake kulijua jibu. Mtu amechukuliwa kwa jina la usalama wetu sote na hayupo kwenye daftari la mtu yeyote.

Sasa kabla hamjaniambia wewe hutaki nchi ilindwe, nisikilizeni. Hofu ni kitu cha kweli na mie nimeionja. 2012 na 2013 hapa Unguja tulikua na miezi mibaya sana, Sheikh Soraga alimwagiwa tindikali Novemba 2012 akiwa kwenye mazoezi ya asubuhi, Februari 2013 Padri Evarist Mushi akapigwa risasi akauwawa asubuhi ya Jumapili akienda kusalisha misa, na Agosti mwaka huo wasichana wawili wa Kiingereza waliokuja kujitolea kufundisha wakamwagiwa tindikali Mji Mkongwe. Mama yangu aliacha kwenda sokoni ikishapita magharibi. Wakati ule ungeniuliza unataka askari wangapi mtaani ningekwambia waongezwe, na hata leo nasema vile vile, serikali inayoshindwa kumlinda padri asubuhi na mapema imeshindwa kazi yake ya kwanza. Na 1998, Agosti 7, mabomu ya ubalozi wa Marekani yaliua watu 213 Nairobi na 11 Dar, na waliokufa wengi wao walikua watu wetu hawa hawa, wapita njia, walinzi, wanaofanya kazi za watu. Kwahiyo nikisema hofu ni ya kweli siyo maneno ya kupakia tu.

Lakini nimezaliwa Wete, Pemba. Januari 27, 2001 nilikua darasa la sita, skuli imefungwa, watu wametoka kuandamana kupinga uchaguzi wa 2000 na tukasikia mlio ambao mwanzo nilidhani watu wanapiga mabati. Ripoti ya Human Rights Watch ilisema waliouwawa Unguja na Pemba siku zile ni 35 au zaidi, Tume ya Brigedia Jenerali Hashim Mbita iliyoundwa na Rais Mkapa ikasema 31, na askari polisi nae aliuwawa, ana mama yake nae. Ami yangu alikua mvuvi, hakuandamana, alikua bahari, lakini akasikia nyumba zinapekuliwa usiku na wanaume wanachukuliwa basi akaunganisha na wenziwe wakapandisha tanga wakaenda Shimoni, Kenya. Zaidi ya watu 2,000 walivuka hivyo. Fikirieni hilo, Mpemba anakimbilia Kenya kama mkimbizi, kutoka nchi ambayo wimbo wake mkuu ni amani na utulivu. Ami alirudi miezi kadhaa baadae, kakonda, na tangu hapo mtu akibisha hodi baada ya isha hajibu yeye, anamtuma mtoto aulize nani. Aliyeumwa na nyoka akiona ukuti hushtuka, na kisiwa kizima kile kiliumwa.

Watu wazima wetu wana zaidi ya hayo. Juni 1961, Muingereza bado yupo, fujo za uchaguzi ziliua watu 68 na akatangaza hali ya hatari, akaleta askari kutoka Kenya, akakamata mamia. Baada ya Mapinduzi tukawa na amri yetu wenyewe ya kuweka watu kizuizini. Bara walikua na sheria yao ya 1962 ya kumweka mtu kizuizini bila kesi, imepitishwa mwaka haujaisha tangu uhuru, na ndani yake ilisemwa wazi kwamba amri ya kumzuia mtu haihojiwi na mahakama yoyote. 1985 sheria hiyo ikaletwa mpaka Zanzibar. Angalieni mwaka vizuri, 1984 ndo Katiba zote mbili, ya Muungano na ya Zanzibar, zilitiwa sura ya haki za binadamu, yaani mkono mmoja unakupa haki, mkono mwengine unavusha bahari sheria ya kukufunga bila kuuliza. Tume ya Jaji Nyalali ikaja 1991 ikaorodhesha sheria 40 za kukandamiza na kutaka ziondolewe au zirekebishwe, na hiyo ya kizuizini imo. Kwahiyo anaenambia mambo haya yameletwa na magaidi namwambia hapana yakhe, haya yalikuwepo kabla ya gaidi wa kwanza, mkoloni aliyaacha mezani na sisi tukayakuta tukaona yanatufaa.

Kuna mtu wa kwetu ambae dunia inamjua kuliko tunavomjua sisi wenyewe. Suleiman Abdullah Salim. Mvuvi, mfanya biashara ndogo ndogo, 2003 alikua Mogadishu, akakamatwa na watu wa mbabe wa vita mmoja akakabidhiwa kwa Wamarekani, akapelekwa Kenya, Djibouti, halafu Afghanistan kwenye jela ya siri ya CIA, shirika la ujasusi la Marekani, mahali pa giza totoro, muziki mkubwa usiku na mchana, amefungwa minyororo. Halafu Bagram, jela ya jeshi la Marekani huko huko Afghanistan. Miaka mitano. 2008 akaachiwa akarudishwa Zanzibar na karatasi moja, na karatasi inasema imeamuliwa kwamba huyu hana hatari yoyote kwa jeshi la Marekani wala maslahi yake Afghanistan. Miaka mitano halafu karatasi. Desemba 2014 kamati ya ujasusi ya Seneti ya Marekani ikatoa muhtasari wa ripoti yake kuhusu jela zile, watu 119 walipita humo na angalau 26 kati yao hawakustahili kuwemo hata kwa vigezo vya CIA wenyewe, na kampuni ya wanasaikolojia wawili waliobuni mateso yale ililipwa dola milioni 81. 2015 Suleiman na wenzake wakawashtaki wanasaikolojia hao kwenye mahakama ya Marekani, jimbo la Washington, na kwa mara ya kwanza serikali haikuizuia kesi kwa kisingizio cha siri za nchi. Agosti 2017, wiki chache kabla ya kusikilizwa, wakakubaliana nje ya mahakama kwa kiwango ambacho hakikutangazwa.

Huyu ni mtu ambae angeweza kua ami yangu. Kama ami angeenda mbele zaidi ya Shimoni kutafuta riziki, na wapo waliofanya hivyo, angekua nae kwenye giza lile. Na ninachotaka mkione ni kwamba iliyomfanyia haya ni nchi inayopiga kura, ina bunge, ina magazeti, ina mahakama kila mtaa, na bado ilipoogopa ilijenga chumba ambacho swali la mama haliwezi kuingia. Ila baadae mlango ulifunguliwa kidogo. Seneti ikaandika, jaji akakubali kusikiliza mvuvi wa Unguja. Ilichelewa mno na haikumrudishia miaka yake, lakini ilitokea, na hilo ndo nnaloliita tofauti, maana kukosea kila dola inakosea.

Tena kuna jambo ambalo watu wa usalama wenyewe wangelisoma kwa faida yao. Ahmed Khalfan Ghailani, mzaliwa wa Zanzibar, alikamatwa Pakistan 2004 kwa kesi ya mabomu yale ya 1998, CIA wakamficha na kumhoji kwa njia zao, akapelekwa jela ya Guantanamo, halafu New York mahakama ya kiraia. Jaji Lewis Kaplan akamkataa shahidi mkubwa wa serikali kwasababu jina la shahidi huyo lilipatikana wakati mshtakiwa anahojiwa kwa kulazimishwa. Novemba 2010 jopo, yaani raia wanaoamua kesi kule, likamtia hatiani kwa kosa moja tu kati ya 285. Moja, kwa vifo vya watu 224. Akapata kifungo cha maisha hata hivyo. Sasa niambieni mateso yale yalimsaidia nani? Wajane wa Nairobi na Dar walistahili kesi iliyonyooka, ushahidi wote mezani, na njia ya mkato ndo iliyowanyima.

Na mwenzake kwenye kesi hiyo, Khalfan Khamis Mohamed, nae mtu wa huku kwetu, alikamatwa Cape Town 1999 akakabidhiwa haraka haraka kwa FBI, wapelelezi wa Marekani. Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ikasema Mei 2001 kwamba serikali yao ilivunja katiba, haikutakiwa kumtoa mtu kwenda kwenye nchi inayoweza kumnyonga bila kuchukua ahadi kwamba hatonyongwa. Mtu ameshaondoka, yupo New York anahukumiwa, lakini majaji wale wakaandika hukumu na kuagiza ipelekwe kwenye mahakama ya kule. Nilipoisoma mara ya kwanza nilikaa kimya. Nchi ambayo miaka saba tu kabla ilikua ya makaburu inasimama kumtetea mtu anaetuhumiwa kuua raia wa kwetu na wa jirani zetu, na inafanya hivyo kwasababu inajua ladha ya dola isiyoulizwa. Jopo la New York halikukubaliana kumuua, akapewa maisha, na hakuna mtu alieachiwa huru kwa ile hukumu ya Afrika Kusini.

Wapo waliokutana na hofu hii hii wakajibu vizuri. Uingereza baada ya Septemba 2001 walipitisha sheria ya kuwafunga wageni wanaoshukiwa ugaidi bila kesi na bila kikomo, na Desemba 2004 majaji wao wa juu kabisa, wanane kwa mmoja, wakasema haifai, mmoja wao Lord Hoffmann akafika kusema kwamba kitisho cha kweli kwa uhai wa taifa hakitoki kwa magaidi, kinatoka kwenye sheria za namna hii. Kenya hapo, baada ya mashambulizi ya Westgate na Mpeketoni, Bunge likapitisha Desemba 2014 sheria kali ya usalama huku wabunge wanapigana ngumi ukumbini, na Februari 2015 Mahakama Kuu ikafuta vifungu 8. Wiki tano hivi baadae chuo kikuu cha Garissa kikashambuliwa, wakauwawa watu 148, wengi wanafunzi. Nilikua na rafiki wa Mombasa alienambia siku ile, unaona sasa, majaji wenu hao. Sikumjibu wakati ule kwasababu alikua analia. Leo namjibu kwa heshima. Kikosi maalumu kilichukua masaa mengi kufika kutoka Nairobi, na wanafunzi walikua wamefungiwa na wauaji tangu alfajiri. Kilichokosekana Garissa ni askari wa kufika mapema, hakuna jaji aliewazuia kupanda ndege. Ukiniuliza usalama wa taifa unahitaji nini ntakwambia unahitaji hayo, ndege iliyo tayari, askari analipwa vizuri, mpelelezi anajua kazi yake. Kumfungia kijana wa Ng'ambo mahali pasipojulikana hakumuongezei mpelelezi akili.

Sasa turudi nyumbani kwenye sentensi ambayo kila aliekwenda mahakamani anaijua, "upelelezi haujakamilika". Masheikh wa Uamsho, jumuiya ya Kiislamu ya hapa Zanzibar, walichukuliwa hapa Zanzibar wakapelekwa Dar kushtakiwa chini ya sheria ya kuzuia ugaidi ya 2002. Mimi na wao tunatofautiana kwenye mengi, na baadhi ya mihadhara yao ya 2012 iliniogopesha, nasema wazi. Lakini kesi ya ugaidi haina dhamana, na mwaka baada ya mwaka watu wanaletwa, upelelezi haujakamilika, wanarudishwa rumande, wanaletwa tena. Mtoto aliezaliwa wanaingia alikua yupo skuli wanatoka. Juni 2021 DPP, mkurugenzi wa mashtaka wa serikali, akafuta mashtaka, wakarudi nyumbani, watu wakawapokea kwa machozi. Ikiwa walifanya makosa basi tulistahili kuyasikia mahakamani, na wale waliomwagiwa tindikali na jamaa wa Padri Mushi ndo walistahili zaidi kujua kama watuhumiwa hawa wanahusika au hawahusiki. Ikiwa hawakufanya, basi tumechukua miaka ya watu tukaitupa baharini. Kwa vyovyote vile hakuna aliekua salama zaidi kwa kesi isiyoanza.

Sheria tunazo nzuri, hilo linaniuma zaidi. Ibara ya 30 ya Katiba ya Muungano inakubali haki zipunguzwe kwa ajili ya ulinzi na usalama wa umma, na mie sina ugomvi nayo, kila nchi ina kifungu kama hicho. Na Mahakama yetu ya Rufani ilishasema mapema tu, kwenye kesi ya Kukutia Ole Pumbun ya 1993, sheria inayobana haki lazima isiwe ya kumpa mtu nafasi ya kuamua atakavyo, iwe na kinga ndani yake, na isibane zaidi ya kinachohitajika kwa lengo lenyewe. Kesi ile nayo ilikua ya nini? Ole Pumbun na mwenzake wa Arusha walitaka kuishtaki serikali, na sheria ilikua inasema huwezi kuishtaki serikali mpaka waziri akupe ruhusa. Mahakama ikaiondoa. Ni jambo lile lile la kaunta, mtu anataka kuuliza na anaambiwa kaombe ruhusa kwa unaetaka kumuuliza.

Kuna mahali ambapo mie natoa uhuru wangu bila kunung'unika hata kidogo, nalo ni bandarini. Usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011 meli ya Spice Islander ilizama Nungwi ikielekea Pemba, imejaza watu kupita kiasi, na maiti zilizopatikana zilikua 203, tume ikaja ikasema waliopotea ni zaidi ya 1,300. Tulikaa siku ngapi hatujui nani alikuwemo na nani hakuwemo, kwasababu majina hayakuandikwa ipasavyo. Binamu yangu alitafutwa kwenye uwanja wa Maisara baina ya maiti zilizopangwa na ndugu wakifunua shuka moja moja. Basi leo nikikata tiketi ya kwenda Wete au Mkoani wakiniomba kitambulisho cha Mzanzibari natoa, wakitaka jina la mtoto natoa, mzigo upite kwenye mashine upite. Hii ni serikali kujua niko wapi, na naikubali, na nimekaa nikajiuliza kwanini hii naikubali. Kwasababu najua jina langu limechukuliwa kwa ajili gani. Kwasababu litatumika siku mama yangu akija kuuliza mwanangu alikuwemo, na mtu kaunta atafunua karatasi amjibu. Daftari la boti limeandikwa ili mama ajibiwe. Lile la kituo lilifunguliwa ukurasa mmoja likafungwa.

Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, nilikua nyumbani intaneti ilipokatika. Nchi nzima. Mdogo wangu wa kike yupo Dar, ana ujauzito wa miezi minane, na kule wamepigwa marufuku kutoka usiku. Simu ya kawaida mara inapita mara haipiti, ikipita inakatika kwenye "hallo". Mama akakaa na ile simu mapajani kama mtu aliepakata mtoto, kila baada ya dakika anaibonyeza iwake. Siku kadhaa. Tuliambiwa ni kwa ajili ya usalama, na mimi nilikua nnamuangalia mama yangu na hakua salama, alikua ameshika tasbihi na mkono unatetemeka. Katiba ile ile ya Muungano, ibara ya 18, inasema mtu ana haki ya kuwasiliana bila kuingiliwa. Kama kulikua na sababu kubwa ya kuikata, mtu angetuambia ni nani ameamuru, kwa sheria ipi, mpaka lini. Mdogo wangu alijifungua salama Novemba, alhamdulillahi, mtoto wa kiume.

Kijana wa jirani yupo. Ana mke, anatengeneza simu Darajani, fundi mzuri. Akikaa barazani anakaa mahali anapoona njia zote mbili, na gari likipunguza mwendo anakata sentensi katikati. Ramadhani iliyopita nilipita kwao na futari kidogo, mama yake akanikaribisha jikoni, na juu ya kabati la vyombo nikaiona ile chupa nyekundu, maua yamefifia, kifuniko bado kimefungwa mpira. Nikamwambia bi, nikununulie nyengine inshallah, hii imechoka. Akaishusha, akaifuta vumbi kwa ncha ya kanga, akairudisha pale pale.

"Hii iwache mwanangu," akasema. "Hii naijua, inaeka moto mpaka jioni."